Je, mikahawa ifungwe ugonjwa wa kuambukiza ukiingia? Tujifunze kutoka Buyenzi



Somo hili limetokana na swali ambalo limeulizwa zaidi ya mara moja katika mikutano ya bloki: ugonjwa wa kuambukiza ukiingia kambini, malewa na mikahawa ifungwe au iachwe? Wako wanaotaka yote ifungwe siku hiyo hiyo. Wako wenye mikahawa, hasa akina mama wapishi, wanaojibu kwamba kufungiwa ni kuuawa na njaa kabla ugonjwa haujafika. Kwa kawaida kelele huwa nyingi, giza huingia, na mkutano huvunjika bila jibu.

Ni afadhali tulizungumze sasa, tukiwa tumetulia. Siku ya kwanza ya mlipuko watu hawafikiri vizuri, na amri iliyotolewa kwa woga huwa ngumu kuirekebisha.

Nimechagua mfano wa Buyenzi, katika jiji la Bujumbura. Wengi wetu tuliotoka Uvira, Fizi na Bukavu tuna ndugu huko, au tulipita huko; mimi mwenyewe niliishi huko na wazazi wangu kabla ya kuletwa kambini. Tena Buyenzi inafanana na kambi kuliko tunavyodhani. Nyumba zimebanana, jamaa kadhaa hukaa katika kiwanja kimoja, na kula nje ya nyumba si anasa.

BUYENZI NA CHAKULA CHAKE

Asiyeijua Buyenzi aelewe hivi. Ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura tangu wakati wa Wabelgiji. Barabara zake zinaitwa kwa namba. Kuna misikiti, kuna soko la Ruvumera, na kuna mafundi wa magari waliojaa kandokando ya barabara, mikono imejaa oili tangu asubuhi mpaka jioni. Asubuhi watu hunywa chai na chapati au maandazi. Mchana ni wali na maharagwe, au ugali na ndagala, au sombe. Jioni ni sambusa na mishikaki. Mkahawa wa kawaida ni chumba cha mbele cha nyumba: mabenchi mawili, meza ya mbao, dirisha moja lenye pazia, na beseni la kunawia karibu na mlango.

Wanaokula hapo ni nani? Ni mafundi na vijana wanaojifunza ufundi kwao, wabeba mizigo wa soko, madereva, na vijana waliopanga chumba kimoja watatu au wanne, hawana jiko wala mahali pa kuliweka. Tulikumbuke jambo hili, maana anayesema "wale nyumbani kwao" mara nyingi ni mtu mwenye mke na sufuria nyumbani.

MWAKA 2020, PANDE MBILI ZA MPAKA

Korona ilipoingia katika nchi zetu, serikali hazikufuata njia moja. Mwezi Machi 2020 Rais Tshisekedi wa Kongo alitangaza kwamba baa, terasi na mikahawa vifungwe katika nchi nzima. Amri hiyo ilidumu miezi minne. Vilifunguliwa tena tarehe 22 Julai 2020. Rwanda ilifunga kuanzia tarehe 21 Machi 2020, ila mikahawa iliruhusiwa kuuza chakula cha kubeba, na mwezi Mei ikaruhusiwa kukalisha watu tena. Baa za Rwanda zilikaa zimefungwa hadi Septemba 2021. Kenya nayo iliruhusu chakula cha kubeba tu, kisha mwishoni mwa Aprili 2020 ikaruhusu watu wakae kula, kwa masharti kwamba wafanyakazi wapimwe na meza zitengane.

Burundi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza tarehe 31 Machi 2020 na haikufunga mikahawa. Masoko yaliendelea. Mikutano ya kampeni ilifanyika na uchaguzi ukapigwa tarehe 20 Mei. Tarehe 30 Juni Rais mpya, Ndayishimiye, alitangaza kwamba korona ndiyo adui mkubwa wa nchi, akaagiza bei ya sabuni ishuke kwa nusu na maji ya mabomba ya umma yapungue bei. Mwezi Julai ukaanza upimaji wa watu wengi Bujumbura.

Kwa hiyo kwa miezi minne mtu wa Uvira hakuruhusiwa kukaa katika mkahawa, na mtu wa Buyenzi, umbali wa chini ya saa moja kwa gari, alikuwa amekaa bega kwa bega na wenzake akila maharagwe.

Nani alikuwa sahihi? Wengine hutaka kujibu kwa kuhesabu wagonjwa wa kila nchi. Njia hiyo haitufikishi mahali. Nchi iliyopima watu wachache iliona wagonjwa wachache, na mwaka ule Kongo na Burundi zote zilipima wachache kulingana na wingi wa watu wao. Ni bora tuingie ndani ya mkahawa wenyewe tuangalie ugonjwa unapitia wapi.

UGONJWA UNAOPITA KATIKA PUMZI

Uko mfano uliochunguzwa vizuri sana, wa jiji la Guangzhou huko China. Tarehe 24 Januari 2020 watu 83 walikula chakula cha mchana katika ukumbi mmoja wa mkahawa, ghorofa ya tatu, usio na dirisha. Jamaa moja ilikuwa imefika siku iliyotangulia kutoka Wuhan, na mmoja wao alikuwa na korona bila kujua. Meza zilitengana kwa mita moja hivi. Hata hivyo watu 9 waliambukizwa, wote wakiwa wa meza hiyo na meza mbili zilizokuwa jirani nayo. Watu wa meza nyingine hawakuambukizwa. Wahudumu 8 waliokuwa wakipita na sahani hawakuambukizwa hata mmoja.

Sababu ilikuwa nini? Mashine ya kupoza hewa ilikuwa ikizungusha hewa ile ile juu ya meza zile tatu, na hewa mpya ilikuwa haiingii. Waliokaa ndani ya hewa ile muda mrefu ndio waliougua. Wahudumu walipita na kuondoka. Chakula hakikuwa na kosa.

Huko Marekani mwaka huo huo wa 2020 watafiti waliwauliza watu wazima waliokwenda kupimwa korona mambo waliyofanya katika siku 14 zilizotangulia. Waliokutwa na ugonjwa walikuwa wamekula mkahawani karibu mara mbili zaidi ya wale waliokutwa hawana.

Kwa hiyo ukumbi wa kulia ni mahali pa hatari kwa ugonjwa wa pumzi, na hakuna haja ya kubishana juu ya hilo. Anayekula hawezi kufunika mdomo. Anazungumza, anacheka, amemkabili mwenzake, anakaa nusu saa au zaidi. Lakini tuangalie vizuri hatari iko wapi: iko katika kukaa, katika muda, na katika ukuta. Haiko katika jiko. Mama anayekoroga ugali uani, moshi unapanda juu na upepo unapita, hamwambukizi fundi aliyekuja kuchukua sahani yake na kuondoka.

Hapa ndipo ninapowalaumu kidogo waliodhani kwamba chakula cha kubeba ni jambo la Ulaya lisilowezekana kwetu. Buyenzi wanalijua tangu zamani. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi huwa kimya mchana, na kuanzia alasiri meza hutolewa nje: sambusa, maandazi, uji, viazi. Watu hununua, hufunika, huenda kufuturu nyumbani. Kwa mwezi mzima biashara ya chakula huendeshwa na watu wasiokalisha mteja hata mmoja. Mwaka 2020 Ramadhani ilianza mwishoni mwa Aprili, ndani ya miezi ile ile ambayo Kongo yote ilikuwa imeambiwa ifunge. Mtu angetaka kufunga ukumbi bila kufunga jiko, mfano ulikuwa mbele ya macho yake kila jioni.

Kizuizi kilikuwa kingine, kidogo lakini cha kweli: chombo. Burundi ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2018, ikawapa watu miezi 18 wajiandae. Hesabu inaangukia mwezi Februari 2020, mwezi mmoja tu kabla ya korona. Basi maharagwe ya moto yangebebwa katika nini? Fundi hana bakuli garajini. Huku kambini shida ni hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, kwa sababu aliyefika majuzi ana sufuria moja tu kwa ajili ya jamaa yote. Wanaopanga mambo ya dharura wasilisahau bakuli. Bakuli lenye kifuniko, moja kwa kila mtu asiye na jiko, lina faida kuliko mabango mengi.

UGONJWA UNAOPITA KATIKA MAJI

Sasa tugeuke kwa ugonjwa tunaoujua sisi zaidi, yaani kipindupindu. Bujumbura ilitangaziwa mlipuko wake mwezi Januari 2023. Uvira hakuna mwaka wa amani na ugonjwa huo. Hapa mambo ni tofauti, na mtu akitumia dawa ya korona kwa kipindupindu atakosea.

Mfano wa kwanza ni wa zamani sana. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 katika siku kumi hivi katika sehemu moja ya London. Daktari John Snow alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza watu walikunywa maji ya wapi. Alifika kwa mama mmoja mwenye mkahawa uliokuwa ukitembelewa na mafundi. Kila mchana aliwawekea maji ya pampu ya barabara ya Broad mezani pamoja na chakula. Mama yule alimwambia kwamba tayari alikuwa anajua wateja wake 9 waliokufa.

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiri mara moja juu ya mafundi wa Buyenzi.

Lakini habari haijaisha. Karibu na pampu ile ile palikuwa na nyumba kubwa ya kutunzia maskini, watu 535 ndani, wakila pamoja kila siku. Nyumba zilizoizunguka zilikuwa na vifo vingi. Katika nyumba ile walikufa 5 tu. Walikuwa na kisima chao wenyewe, hawakuchota pale penye pampu. Basi mkahawa mdogo ulipoteza wateja 9, na ukumbi wa mamia ya watu ulipoteza 5. Tofauti ilikuwa maji. Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu uliondolewa; hakuna aliyefunga ukumbi wa maskini.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Watafiti walichunguza hesabu za Uvira za miaka ya 2009 hadi 2014, wakalinganisha siku ambazo maji ya bomba yalikatika na idadi ya wagonjwa waliofika katika kituo cha kipindupindu. Waliona kwamba baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa huwa mara mbili na nusu ya wale wanaotokea baada ya siku yenye maji ya kutosha. Bomba likikauka watu huenda ziwani na mtoni. Mwenye mkahawa naye huenda huko huko, tena yeye huchota bidoni nyingi zaidi.

Na Goma, mwezi Julai 1994? Wazee wetu wanaikumbuka. Karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Hapakuwa na mikahawa ya kufunga. Kulikuwa na maji ya ziwa, hakukuwa na vyoo, basi.

Asije mtu akadhani kwamba kitambaa cheupe mezani ni kinga. Mwaka 2017 huko Nairobi, makumi ya wajumbe wa mkutano wa mambo ya afya waliugua kipindupindu baada ya kula katika hoteli kubwa, na mwezi uliofuata serikali ilifunga kwa muda mikahawa miwili ya watu wenye uwezo, ikaamuru wapishi wapimwe upya. Jambo hilo linafaa kusemwa katika mikutano yetu, kwa sababu hapa ugonjwa ukitajwa tu, vidole huelekezwa kwa mama wa malewa, na kantini ya wafanyakazi haiguswi.

Kwa kipindupindu basi, mtu akifunga ukumbi na kuruhusu chakula cha kubeba, amefanya nini? Amefanya kidogo sana. Kama maji ni mabaya, mteja atabeba ugonjwa katika bakuli lake na kuupeleka kwa watoto. Afadhali angekula pale pale, chakula kikiwa kinatoka moshi. Chakula kilichochemka na kuliwa kikiwa moto hakina vijidudu hai vya kipindupindu. Wali uliobaki tangu asubuhi ukakaa katika joto, hapo wanaweza kukua. Kachumbari iliyooshwa kwa maji ya mto, juisi, barafu, kopo moja la maji ya kunywa linalozunguka meza nzima, pilipili mbichi iliyosagwa na kuachwa mezani siku mbili: haya ndiyo ya kufungwa saa ile ile, bila kungoja mkutano.

Jambo jingine watu wengi hawalijui. Wengi walioambukizwa kipindupindu hawaharishi sana, au hawaharishi kabisa, na bado vijidudu hutoka katika kinyesi chao kwa muda wa siku 1 hadi 10. Mpishi anaweza kuwa mzima machoni pa watu na kuwa anaambukiza. Ndiyo maana choo cha mkahawa na sabuni ya mpishi ni muhimu kuliko idadi ya mabenchi. Na kunawa kuwe ni kwa maji yanayomwagika, kutoka kwenye birika au bidoni yenye bomba. Lile beseni la mlangoni, ambalo watu kumi wanatumbukiza mikono ndani yake mmoja baada ya mwingine, linaeneza ugonjwa kwa adabu tu.

Juu ya mpox, ambayo Burundi iliitangaza mwezi Julai 2024, nitasema kwa ufupi. Hiyo hupita hasa kwa kugusana ngozi na kwa vitu vya mgonjwa. Mkahawani kitu cha kuangalia ni taulo. Taulo moja iliyotundikwa kando ya beseni, inayofuta mikono na midomo ya kila mtu, iondolewe. Mikono ikauke kwa hewa.

KUFUNGA KUNAMGHARIMU NANI

Wasiouza chakula hudhani kwamba mama akipoteza robo ya wateja, anapoteza robo ya faida. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mama anapika sahani 40 kwa siku. Sahani 30 za kwanza zinarudisha unga, maharagwe, mafuta, makaa, maji na posho ya msichana anayeosha vyombo. Sahani 10 za mwisho ndizo zake, ndizo anazolisha watoto na kulipa likelemba. Wateja 10 wasipofika, maharagwe yamekwisha kuchemka, makaa yamekwisha kuwaka. Hajapoteza robo. Amefanya kazi tangu alfajiri bure. Wasipofika 20, amekula mtaji, na wiki ijayo hana cha kuanzia.

Buyenzi, wakati wa korona, palikuwa na mama mmoja jirani yetu aliyewapikia mafundi wa garaji mbili. Hakufungiwa na mtu. Lakini magari yalipopungua, mafundi walipungua, akabaki na sufuria iliyojaa. Alichofanya ni kumtuma mtoto wake asubuhi apite garajini kuuliza nani atakula mchana, akapika kwa idadi hiyo tu. Wengine walilipa nusu mapema. Wakati wa mlipuko wo wote desturi hiyo ingewafaa wapishi wetu, kwa sababu inamwokoa mama asipike hasara, na mteja hakai kungoja katika msongamano.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika amri. Mikahawa ikifungwa yote kwa mara moja, upishi haukomi. Unahamia nyuma ya nyumba, mahali ambapo mhamasishaji wa afya haingii na klorini haifiki. Wanaopika kwa siri hawawezi kuja kutuambia kwamba msaidizi wao anaharisha. Mimi nahofia hilo kuliko ninavyohofia mabenchi.

Hata hivyo nisiwadharau wanaotaka yote ifungwe. Hoja yao ya nguvu ni hii: nani atakagua? Ni rahisi kuona kama mlango umefungwa kuliko kujua kama maji ya sufuria yana klorini. Ni kweli. Kama hatuna watu wa kupita kila asubuhi, masharti yatabaki maneno, na hapo kufunga kwa siku chache kunaweza kuwa njia pekee. Lakini basi tukubali kwamba tunafunga kwa sababu hatukuandaa wakaguzi. Tusiseme ni kwa sababu ya uchafu wa akina mama.

KWA KAMBI YETU

Ninavyoona mimi, komite ikae na wenye mikahawa mapema, pamoja na HCR, ONPRA na watu wa kituo cha afya, ili kila mmoja ajue kitakachofanyika. Swali la kwanza siku ya mlipuko liwe: ugonjwa huu unapita wapi?

Ukiwa ni wa pumzi, ukumbi ufungwe na jiko liendelee. Mikahawa yetu mingi ni ya shitingi, na shitingi inazuia hewa kama ukuta wa saruji. Ikunjwe juu pande mbili zinazokabiliana, upepo uingie huku utokee kule. Mabenchi yatolewe nje. Mteja aje na bakuli lake, achukue, aende. Asiye na pa kwenda ale nje, mbali na mwenzake, asikawie. Na sinia moja ya watu sita iwekwe kando kwa muda, ingawa najua inauma, hasa kwa wazee.

Ukiwa ni wa maji, jiko ndilo likaguliwe. Mkahawa usio na maji yenye klorini, au usio na choo na sabuni, ufungwe siku hiyo na uambiwe kwa maneno wazi unakosa nini, ufunguliwe siku utakapokipata. Wenye navyo waendelee na chakula cha moto tu. Bomba likikatika kwa siku nzima, vinywaji visivyochemshwa na vyakula vibichi visimame kila mahali, hata kama hakuna mgonjwa bado. Hesabu za Uvira zinatosha kutuonya.

Amri yo yote iwe na tarehe ya mwisho. "Mpaka tangazo jingine" ni maneno yanayomfanya mtu auze sufuria zake. Na iwe sawa kwa wote: kantini, baa, harusi, na matanga. Hili la matanga najua litaleta maneno. Msiba hulisha watu mia mbili kwa sufuria chache, wengine wametoka kuosha maiti, na wote huchovya mkono. Kama tutamfungia mama mwenye wateja 40 na kuacha msiba wa watu 200 kwa sababu tunaona haya kuwaambia wafiwa, tutakuwa tumechagua aliye dhaifu tu.

Mwisho ni wale wanaotegemea mikahawa. Kabla ya kufunga hata siku moja, kila mkuu wa bloki awe na orodha ya wasio na jiko: waliofika karibuni, vijana wasio na jamaa, wazee wanaoishi peke yao. Watu hao wapate chakula kilichopikwa. Akina mama waliofungiwa wanaweza kulipwa wawapikie, kwa maji ya kambi na chini ya macho ya mkaguzi. Hivyo sufuria zao hazikai bure na kijana hashindi na njaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA BLOKI

Soma na jirani yako asiyejua kusoma, kisha mzungumze.

Katika bloki yenu kuna mikahawa na malewa mangapi, na kila mmoja unachota maji wapi? Msijibu kwa kukisia. Nendeni mkaulize, kama alivyofanya yule daktari wa London.

Bomba likikatika leo asubuhi, mpishi wenu atakwenda wapi na bidoni yake?

Ni watu wangapi katika bloki yenu wasio na jiko? Wana bakuli?

Je, wazee wa bloki wako tayari kusema neno juu ya matanga, na nani kati yao atalisema?